Sijambo, Lakini

Bahasha ilikuwa ya kahawia, na jina langu
wamelikata vipande viwili, Mwana kisha Hawa,
utadhani tuko wawili tunaougua mgongo mmoja.
Nilimngoja Tunu atoke shule anisomee.
Alisoma amesimama, koti hajavua,
theluji ya Winnipeg ikimyeyukia mabegani.
Mama, pensheni wamekataa.
Wanasema unaweza kazi nyepesi.

Nyepesi.
Miaka kumi na minne nimesukuma mashuka ya hospitali,
mkokoteni baada ya mkokoteni, gurudumu moja bovu.
Najua uzito wa damu. Najua uzito wa mkojo.
Najua shuka la mtoto mchanga lililorudi halikulaliwa,
na hilo ndilo zito kuliko yote.
Nyepesi sijaiona. Kama ipo, waniletee niinue.

Kwetu mgonjwa haulizwi uji,
unapikwa, unaletwa, unapozwa.
Hapa nimeulizwa uji, na sufuria, na kuni,
nasimama dakika ngapi,
yai naweza kulikaanga,
kamba za viatu nafungiwa na nani.

Wakili wa bure, Bi Oksana,
ofisi yake iko juu ya duka la donati,
ngazi kumi na tisa; nilizihesabu kwa nyonga.
Alilipekua faili akilamba kidole,
kidole kikasimama ukurasa wa thelathini na moja.
Hapa, akasema, hapa ndipo ulipoanguka.
Daktari wao ameandika:
Nilimuuliza hali yake. Alijibu, nzuri.

Ee, nilijibu nzuri!
Ningejibuje? Mtu ndiyo kwanza anakuamkia,
hujakalia hata kiti, umwage matumbo mezani kwake?
Bibi yangu aliitika sijambo roho ikiwa kooni,
kisha ndipo akasema, ila maji hayapiti tena.
Salamu ni kizingiti.
Habari yenyewe iko ndani, imekaa mkekani,
inakungoja uvue viatu.
Daktari aliishia mlangoni,
akaandika mlango, akapiga muhuri.

Tukakata rufaa.
Tunu aliandika kwa mkono wake
mambo niliyomficha chini ya paa moja:
kwamba naoga nimekalia ndoo iliyopinduliwa,
kwamba usiku nashuka kitandani kwa magoti,
kwamba sijda yangu sasa ni ya kwenye kiti.
Hapo kalamu ikasita.
Na hili niandike?
Andika, mwanangu. Mficha maradhi kilio humuumbua,
na mimi, kuliko kuumbuliwa na kilio,
bora niumbuliwe na wewe.

Siku ya kesi ilikuwa simu tu,
imelazwa mezani kati ya chumvi na vidonge.
Jaji kwenye mji nisioujua,
mkalimani kwenye mji mwingine,
Bwana Kyungu, Kiswahili chake cha Lubumbashi
kimechovywa Kifaransa pembeni.
Jaji akaanza: Hujambo asubuhi hii?
Na ulimi, punda yule anayeijua njia ya zizini,
ukajiendea wenyewe: Sijambo.

Kimya.
Nikangoja atafsiri. Hakutafsiri.
Nilisikia pumzi zake,
na nyuma yake birika likianza kuchemka.
Kisha, polepole, jambo ambalo nadhani haruhusiwi:
Mama, nangojea. Sentensi haijaisha.

Lakini, nikasema.
Lakini,
na nikakivuka kizingiti nimeshika ukuta,
na sikuvua viatu, kwa kuwa siwezi kuinama.

Leo ni wiki ya saba. Tarishi anapita
na viatu vyake vyenye miiba ya barafu,
anaweka karatasi za matangazo ya pizza, anaondoka.
Bi Oksana anasema nisihesabu. Nahesabu.

Jana kwenye lifti, Delphine wa ghorofa ya nne
akaniuliza, kama anavyoniuliza kila siku, habari yako?
Nikamwambia, una dakika ngapi?
Alinitazama.
Akautua chini mfuko wake wa viazi.